Darasa Bila Kudurusu: Tofauti ya Vyuo Vikuu vya Nyumbani na vya Ughaibuni

Kwenye karatasi, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza Dar es Salaam na mwaka mmoja wa shahada hiyohiyo Manchester ina uzito sawa. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na mwanafunzi anatakiwa kukusanya krediti 120 kwa mwaka. Uingereza nayo inahesabu hivyohivyo: saa 10 kwa krediti, krediti 120 kwa mwaka, krediti 360 kwa shahada ya miaka mitatu. Pande zote mbili, basi, zinamdai mwanafunzi saa 1,200 kila mwaka. Ukizigawa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, sawasawa na mtu aliyeajiriwa kutwa. Lakini hakuna mwanafunzi wa historia au sheria anayekaa darasani saa 40 kwa wiki, si huku wala kule. Sehemu kubwa ya saa hizo imeachwa nje ya darasa kwa makusudi, na namna zinavyojazwa ndiyo inayoamua darasa lenyewe litakuwaje.

Swali la tofauti kati ya madarasa ya ughaibuni na ya nyumbani hujibiwa haraka mno. Wapo wanaosema wenzetu wana majengo, projekta na intaneti isiyokatika. Wapo wanaosema wenzetu wamezoeshwa kuhoji tangu utotoni, nasi tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa. Na wapo, hao ndio wanaoumiza zaidi, wanaoamini kimoyomoyo kwamba vijana wa kule wana vichwa vizuri kuliko vya wetu. Hoja ya makala haya ni nyingine. Tofauti ya msingi imo katika kazi iliyopewa saa ya darasa. Mwanafunzi akiwa amesoma kabla ya kuingia, darasa huwa mahali pa kujadili, kupinga na kusahihishana. Asiposoma, ama kwa sababu hakupewa cha kusoma ama kwa sababu hakuna aliyemdai, darasa hugeuka mahali pa kugawia maandishi. Utaratibu huu wa pili haukuletwa na damu wala desturi. Ulijengeka kwa sababu zinazojulikana, na kilichojengwa na watu kinaweza kujengwa upya na watu.

Kwanza tukubaliane kwamba ughaibuni si mahali pamoja. Oxford na Cambridge zinasifika kwa mkufunzi kukaa chumbani na mwanafunzi mmoja, wawili au watatu kila wiki, wakiijadili insha aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe. Ujerumani, tangu chuo kikuu cha Berlin kilipoanzishwa mwaka 1810 na mtindo wake kuenea katika karne ya 19, kuna mhadhara mkubwa ambao mara nyingi hakuna anayeita majina, na pembeni yake kuna semina ndogo ambamo mwanafunzi huwasilisha mada kisha akaandika tasnifu fupi juu yake. Ufaransa, ukumbi mkubwa wa mhadhara hufuatiwa na makundi ya mazoezi. Italia, mitihani mingi ni ya mdomo: mwanafunzi na profesa uso kwa uso, alama zikihesabiwa kati ya 30. Marekani, mhadhara wa mwaka wa kwanza unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, lakini siku nyingine ya wiki mamia hao hugawanywa katika vikundi vidogo vinavyoongozwa na wanafunzi wa uzamivu. Shule ya biashara ya Harvard huendesha karibu mafunzo yake yote kwa kujadili visa vya kampuni halisi, na mchango wa mwanafunzi darasani unaweza kufikia nusu ya alama za kozi.

Ukiitazama mifumo hii pamoja, utaona kwamba haifanani kwa ukubwa wa chumba, kwa uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi, wala hata kwa aina ya mtihani. Inafanana kwa jambo moja: mahali fulani katika kozi, mwanafunzi lazima akutane na andiko peke yake, kisha akutane na mtu atakayemuuliza ameelewa nini. Chukua semina ya kawaida ya sayansi ya jamii. Mwongozo wa kozi uliotolewa wiki ya kwanza unasema kwamba Jumanne ya wiki ya tano mtajadili sura mbili za kitabu fulani na makala moja, na kurasa zimetajwa. Wanafunzi 15 wamezunguka meza. Mwalimu haanzi kwa kueleza. Anauliza: mwandishi anadai nini, na ushahidi wake uko ukurasa gani? Kijana mmoja anajibu, mwenzake anampinga kwa kurejea ukurasa wa mbele, wa tatu anasema wote wawili wameisoma vibaya aya ileile. Mwalimu anasema kidogo, lakini kila anaposema anawarudisha kwenye andiko. Asiyesoma hujulikana ndani ya dakika kumi, na aibu hiyo ndogo ndiyo inayomsomesha wiki inayofuata.

Sasa tazama kozi kubwa ya lazima katika chuo kikuu cha umma Afrika Mashariki. Ukumbi una wanafunzi 300 au zaidi, wengine wamesimama dirishani. Mhadhiri ana kipaza sauti na slaidi. Anasoma, anafafanua, anasoma tena, na vichwa vimeinama kwa sababu kila mtu anaandika au anapiga picha ukutani. Kipindi kikiisha, kiongozi wa darasa hufuata slaidi na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, au huziacha steshenari ili kila mmoja akatoe nakala. Hayo ndiyo madesa, na kwa wanafunzi wengi madesa ndiyo kozi nzima. Mwongozo wa kozi upo na una orodha ndefu ya vitabu mwishoni, ila hausemi kitabu gani kisomwe wiki gani, na hakuna siku ambayo mtu ataulizwa. Orodha hiyo imekuwa pambo. Mwanafunzi mwenye akili hupiga hesabu haraka: kinachotoka kwenye mtihani kimo kwenye slaidi, basi saa zilizobaki ni zake.

Hata hivyo, ukitoka kwenye ukumbi huo wiki mbili kabla ya mitihani na kutembea jioni Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utaona jambo linalopaswa kututia matumaini. Kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, wanafunzi sita au wanane wamezunguka karatasi. Mmoja anaeleza, mwingine anakatiza, wa tatu anachora mchoro, wanabishana hadi taa za barabarani zinawaka. Kila kitu ambacho semina ya ughaibuni inajivunia kipo pale: makundi madogo, hoja, kupingana bila uadui. Vinavyokosekana ni viwili tu. Hakuna mwalimu, na andiko linalojadiliwa ni madesa yaleyale, kwa hiyo kosa lililomo kwenye slaidi huzunguka mezani bila kugunduliwa. Wanafunzi wetu wanajua kufanya semina. Semina yenyewe ndiyo iliyoondolewa kwenye ratiba ikahamia kimbwetani.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Neno darasa lina mzizi mmoja na neno kudurusu, yaani kusoma andiko kwa kulirudiarudia na kulizingatia. Kwenye darsa za misikiti ya pwani, kama ile ya Riyadha pale Lamu iliyoanzishwa na Habib Saleh, kitabu kiko mbele: andiko linasomwa, sheikh anafafanua neno kwa neno, na kikimalizika ndipo huingia kitabu kingine. Ulaya nako neno linalotumika kwa mhadhara lilitokana na Kilatini kwa maana ya kusoma. Katika vyuo vya karne za kati, kitabu kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa na bei kubwa mno, basi mwalimu alikisoma kwa sauti ili wengine wanukuu. Mhadhara wa kunukuu ulikuwa dawa ya upungufu wa vitabu. Hata baada ya Ulaya kupata mashine ya uchapaji, ilichukua karne kadhaa kuuacha. Kwetu mhadhara wa kunukuu ulirudi kwa sababu ileile ya vitabu kuadimika, tena ulirudi baada ya sisi wenyewe kuwa tumeonja kilicho bora.

Maana historia ya nyumbani haianzi na ukumbi wa watu 300. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20, ndani ya jengo la chama cha TANU, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi mwaka 1970 kila nchi ilipochukua chake. Katika miaka hiyo ufundishaji wa vikundi vidogo ulikuwa jambo la kawaida. Lakini mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 1968, idara ya historia ya Dar es Salaam ilipoendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa kusini na mashariki mwa nchi, wengi wao maeneo ya kwao, wakaketi na wazee waliokumbuka vita vya 1905 hadi 1907 au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika walichosikia. Karatasi zao zilikusanywa, na hadi leo wanahistoria wa dunia wanaoandika juu ya Maji Maji wanazirejea. Vijana wa miaka ishirini na kitu, katika nchi iliyokuwa huru kwa miaka saba tu, walizalisha maarifa ambayo Ulaya haikuwa nayo.

Hawakuwa peke yao. Mwaka uleule Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Dar es Salaam, mwanahistoria Walter Rodney alifundisha na kujadiliana na wanafunzi hadharani, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kikiwa kimepikwa katika mijadala hiyo. Wanafunzi waliunda madarasa yao ya Jumapili, yasiyo na alama wala cheti, ambamo walisoma na kubishana juu ya siasa na uchumi. Anayesema kwamba darasa la majadiliano ni mmea wa kigeni usioota kwenye udongo wetu hana budi kwanza kueleza miaka hiyo. Dunia ilikuwa ikija Dar es Salaam kujifunza namna ya kuuliza maswali.

Kilichofuata kilisababishwa na uchumi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi zetu ziliingia katika msukosuko, na katika miaka ya 1980 masharti ya kurekebisha uchumi yalibana bajeti za umma, huku wafadhili wakisisitiza kwamba shilingi ya elimu ina faida zaidi ikiwekwa shule ya msingi. Vitabu vipya viliacha kuja, majarida yakakatwa, walimu wengi wakaondoka au wakatafuta kazi ya pili. Kisha, katika miaka ya 1990 na 2000, milango ilifunguliwa kwa wanafunzi wengi kwa mpigo. Makerere iliingiza wanafunzi wa kujilipia, na msomi Mahmood Mamdani alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2007 jinsi soko lilivyoingia hadi ndani ya mitaala. Nairobi ilifungua programu sambamba mwaka 1998. Tanzania ilianzisha Bodi ya Mikopo, na mwaka 2007 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichopangwa kupokea hadi wanafunzi 40,000. Upanuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa uliwaingiza watoto wa wakulima ambao mfumo wa zamani usingewaona. Kasoro yake ilikuwa moja: wanafunzi waliongezeka upesi kuliko walimu na vitabu, na kitu cha kwanza kutolewa kafara kilikuwa semina.

Baada ya semina kufa, mtihani ulichukua utawala wote. Katika vyuo vingi vya Tanzania mtihani wa mwisho wa muhula hubeba alama 60 kati ya 100, na Kenya si ajabu kukuta 70. Mtu anaweza kupinga akisema kwamba Oxford nayo ilijengwa juu ya mitihani ya mwisho, na insha za kila wiki pale kwa kawaida hazihesabiwi kwenye daraja la shahada. Ni kweli, na pingamizi hilo linatusaidia kuona tatizo liliko. Uzito wa mtihani si hoja kubwa kama swali lililomo ndani yake. Swali linalosema "Taja na ueleze sababu tano za Vita vya Maji Maji" linamlipa aliyekariri slaidi. Swali linalosema "Je, ni sahihi kuziita ghasia za 1905 hadi 1907 vita vimoja?" haliwezi kujibiwa kwa madesa. Anayelijibu lazima awe amewasoma wanaodai kwamba dawa ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi, na wanaodai kwamba kila eneo lilipigana kwa sababu zake, kisha achague na kutetea. Swali la aina hiyo likijulikana kuwa linakuja, mwanafunzi mwenyewe ataidai semina. Likijulikana kuwa haliji, hata mwalimu mwenye bidii ataonekana msumbufu anayepoteza muda wa watu.

Kuna tofauti nyingine ambayo mara nyingi hutajwa kwa aibu, nayo ni lugha. Mjerumani anajadili kwa Kijerumani, Mwitaliano anajibu profesa wake kwa Kiitaliano, Mjapani kwa Kijapani. Mtanzania amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha akavushwa kwenda Kiingereza sekondari bila daraja la kutosha. Tangu utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984, na baadaye kitabu cha Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro cha mwaka 1997, imeonyeshwa kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kuwa chombo cha kujifunzia. Matokeo yake yanaonekana wazi kimbwetani na ukumbini: wanafunzi walewale wanaobishana kwa ufasaha jioni kwa Kiswahili huwa mabubu asubuhi mhadhiri anapouliza swali kwa Kiingereza. Kimya hicho husomwa kama ukosefu wa fikra, ilhali ni ukosefu wa maneno. Nchini Kenya na Uganda hali si hiyohiyo, kwa sababu Kiingereza huanza mapema zaidi, na bado kumbi zao zina kimya kilekile. Kwa hiyo lugha si chanzo pekee. Ila kwa Tanzania ni mzigo wa ziada, na hakuna sheria ya maumbile inayozuia andiko la Kiingereza kujadiliwa kwa Kiswahili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu.

Pingamizi la kwanza linalostahili kujibiwa ni la adabu. Husemwa kwamba mtoto aliyefundishwa shikamoo hawezi kumpinga profesa. Lakini nenda hospitali ya Muhimbili madaktari wanapopita wodini. Bingwa husimama kando ya kitanda, humgeukia mwanafunzi na kumuuliza dalili hii inaashiria nini, na kwa nini usiwe ugonjwa mwingine. Mwanafunzi hujibu mbele ya wenzake, hukosolewa, huulizwa tena, na usiku huo hufungua kitabu. Nenda vitivo vya sheria siku ya mahakama ya mfano, uwaone vijana waliolelewa kwa shikamoo wakivunjavunja hoja za wenzao mbele ya majaji. Ni vijana walewale, wa desturi zilezile. Kinachobadilika ni kwamba pale udaktari na uwakili vimekataa kufundishwa kwa kunukuu. Tena desturi yetu haijawahi kukataza hoja: mabaraza ya wazee yalikuwa ya kubishana, washairi wa pwani walijibizana kwa beti, na wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Adabu inaelekeza namna ya kupinga, na mtu anayeanza na "samahani mwalimu" anaweza kuivunja hoja sawasawa na anayemwita mwalimu kwa jina lake la kwanza.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo lina uzito. Maabara ya kemia haijengwi kwa nia njema. Mhadhiri mwenye vitabu 300 vya majibu hawezi kusahihisha insha kila wiki, na kumdai hivyo ni kumwonea. Hata hivyo tuchambue fedha inakwama wapi. Upungufu wa maandiko, ambao ndio uliouzaa mhadhara wa kunukuu, umepungua sana. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa ikiwa na nafasi ya vitabu 800,000. Mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya tiba mwaka 2002, huvipa vyuo vya nchi zenye kipato cha chini maelfu ya majarida bure au kwa gharama ndogo. Makala ya kurasa 20 inaweza kufika kwenye simu za darasa zima kwa njia ileile inayopitisha slaidi. Bando linalotumika ni lilelile. Ni faili ndiyo tofauti. Na mradi wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu, unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umekuwa ukijenga majengo na kuhuisha mitaala nchini Tanzania. Fedha zinakuja, basi swali ni zitanunua darasa la namna gani.

Pingamizi la tatu ni la wingi: hata mkiwa na maandiko, watu 300 hawawezi kujadili. Hapa ushahidi unatufaa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mhadhara mtupu na ufundishaji unaowashirikisha wanafunzi katika sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mhadhara mtupu walifeli wanafunzi 34 hivi kati ya 100. Kwenye darasa shirikishi 22. Faida ilionekana zaidi katika madarasa madogo, lakini ilikuwepo katika makubwa pia. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alianza mwaka 1991 njia isiyohitaji mtambo wowote: anatoa swali gumu, kila mmoja anachagua jibu peke yake, kisha anamgeukia jirani na kujaribu kumshawishi, halafu wanachagua upya. Alichogundua kabla ya hapo kinatuhusu sote: wanafunzi wa Harvard walikuwa wakikokotoa kanuni kwa usahihi huku hawaelewi maana yake. Kukariri ni ugonjwa wa kila darasa linalomwacha mwanafunzi asikilize tu, liwe Harvard au Morogoro.

Ugunduzi huo unajibu pia wanaoona kwamba makala kama haya yanaitukuza Ulaya na Marekani. Kule kuna wanafunzi wanaoingia semina hawajasoma, kuna mihadhara ya kuchosha, kuna ada zinazowaacha vijana na madeni ya miongo. Uingereza pekee, ada ya mwaka kwa wazawa wa England ilipandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012. Hakuna sababu ya kuwaiga kwa kila jambo. Na ukweli kwamba wahitimu wetu wengi huenda kusoma shahada ya pili huko, wakahangaika muhula mmoja na kufaulu vizuri baada yake, ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kasoro haimo vichwani mwao. Muhula huo mmoja wa kuhangaika ndio muda wa kujifunza jambo ambalo walipaswa kulipata nyumbani: kusoma kabla ya kuingia, na kuingia wakiwa na la kusema.

Haja ya mageuzi sasa imeongezwa na kitu kingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, akili unde inaweza kuandika madesa ya kozi yoyote kwa dakika moja, na kujibu swali la "taja na ueleze" vizuri kuliko mwanafunzi wa kawaida. Darasa la kugawia maandishi limepoteza bidhaa yake. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho mashine haiwezi kumfanyia mtu: kusimama mbele ya wenzake, kutetea alichokielewa, na kukubali kusahihishwa. Vyuo vya ughaibuni vinahangaika kurudisha mitihani ya mdomo na majadiliano ya ana kwa ana. Sisi tuna kila sababu ya kwenda huko kwa hatua moja badala ya kuzunguka nao.

Yanayohitajika si mengi wala si ya kifahari. Kila mwongozo wa kozi useme wiki kwa wiki kurasa zipi zisomwe, hata zikiwa 20 tu. Kila mwanafunzi aingie na aya moja aliyoiandika kuhusu alichosoma, na mwalimu avute kwa kura aya tano za kusomwa na kujadiliwa, ili mzigo wa kusahihisha usimwelemee. Wakufunzi wasaidizi, ambao cheo chao chenyewe kinataja kazi ya ukufunzi, warudishiwe semina za watu wasiozidi 25 na wahesabiwe kwa kazi hiyo wanapopandishwa. Semina iruhusu Kiswahili pale kinapofungua mdomo. Na katika kila mtihani, angalau nusu ya alama zitoke kwenye maswali yanayodai msimamo na ushahidi.

Wakuu wa vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu wana madaraka ya kuyaamuru haya, na yafaa wayaamuru. Lakini wewe mwanafunzi usingoje waraka. Kimbweta kipo, wenzako wapo, na makala ya wiki hii inaweza kufika kwenye simu yako leo jioni. Chukueni moja, isomeni kila mtu peke yake, mkutane kuibishania kabla mhadhiri hajaifundisha, kisha mwingie ukumbini na swali lililowashinda. Mwaka 1968 vijana wa umri wenu walikwenda vijijini na daftari, wakarudi na historia ya nchi.